Watu Wamehamia Ruiru na Rongai, Viti vya Bunge Vimebaki Vilipokuwa

Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, Kenya iliongeza karibu watu milioni tisa. Tulitoka 38,610,097 tukafika 47,564,296. Katika miaka hiyo hiyo kumi, Mandera, kaunti ya kaskazini, ilipungukiwa na watu 158,299: ilihesabiwa 1,025,756 mara ya kwanza, ikahesabiwa 867,457 mara ya pili. Na Mandera ndiko wanawake wanakozaa kuliko kaunti nyingine yoyote. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa watoto 7.7 kwa kila mwanamke huko, wakati wastani wa nchi ni 3.4 na wa Nairobi ni 2.5.

Kaunti inayozaa kuliko zote ndiyo iliyopungua. Ukame wa 2011 uliiumiza Mandera, na mauaji ya Novemba na Desemba 2014, ya abiria wa basi na ya wafanyakazi wa machimbo ya mawe, yaliwafukuza walimu na vibarua waliotoka sehemu nyingine za nchi. Lakini hayo hayatoshi kueleza kutoweka kwa watu 158,299. Kilichobadilika zaidi ni hesabu.

Ukirudi nyuma hatua moja zaidi, utaona chanzo. Sensa ya 1999 iliipa Mandera watu 250,372. Miaka kumi baadaye tukaambiwa wamekuwa zaidi ya milioni moja, yaani mara nne. Jamii inayokua kwa asilimia 4 kila mwaka, kasi ambayo ni nchi chache sana zimewahi kuifikia kwa uzazi peke yake, huchukua takriban miaka 18 kuongezeka maradufu. Kwa kasi hiyo, Mandera ya 1999 haingefikia watu 550,000 mwaka 2019. Kwa hiyo hata hii idadi ya 2019 tunayoiita ya kupungua inazidi mara tatu ile ya miaka ishirini iliyotangulia, ilhali nchi nzima iliongezeka kwa thuluthi mbili tu. Ama mwaka 1999 wafugaji wengi hawakufikiwa, ama mwaka 2009 waliongezwa watu wasiokuwapo, ama mwaka 2019 wengine waliachwa tena. Kwa maoni yangu, yote matatu yalitokea, kila moja kwa kiasi chake.

Serikali yenyewe ilishuku mapema. Agosti 2010 Wycliffe Oparanya, wakati huo Waziri wa Mipango, alitangaza matokeo ya sensa na papo hapo akafuta hesabu za wilaya nane za kaskazini, zikiwemo za Mandera na Turkana, akisema ongezeko lake halilingani na vizazi na vifo. Wakaazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaitengua hatua hiyo ya waziri. Idadi zilizotiliwa shaka zikabaki kuwa idadi rasmi. Kisha Januari 2025, Mahakama Kuu ya Garissa ikabatilisha matokeo ya sensa ya 2019 ya maeneo ya Mandera, Wajir na Garissa, safari hii kwa malalamiko ya upande wa pili kwamba watu walihesabiwa pungufu, ikaagiza wahesabiwe upya. Mandera sasa ina sensa mbili zinazofuatana na zote mbili zimebishaniwa mbele ya majaji.

Sina neno baya kwa watu wa Mandera. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, yatakayozaa faida haraka. Kaskazini ikaachwa miongo minne bila lami, bila hospitali za maana, bila shule za kutosha. Mtu aliyenyimwa kwa kigezo cha rutuba ya udongo wake, siku akiambiwa mgao utafuata idadi ya watu, atahakikisha kila kichwa kimeandikwa. Kosa ni letu sote tuliokubali kuifanya sensa kuwa mashindano ya mikoa, kiasi kwamba karani wa sensa akibisha mlango anaonekana kama amekuja kugawa kitu.

Kinachonisikitisha ni kwamba kelele za kaskazini zimefunika mabadiliko makubwa kuliko hayo, ambayo hayakupelekwa mahakamani na hayana utata wowote.

Tazama kwanza kule kulikokaribia kusimama. Nyamira ilikuwa na watu 598,252 mwaka 2009 na 605,576 mwaka 2019. Hilo ni ongezeko la watu 7,324 katika muongo mzima, asilimia 1.2. Vihiga iliongezeka kwa asilimia 6.4, Nyeri kwa asilimia 9.5, wakati nchi iliongezeka kwa asilimia 23. Kaunti hizi hazikukumbwa na tauni. Vihiga ina zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita mraba, na shamba la babu limegawanywa hadi mjukuu anabakiwa na mahali pa nyumba na migomba michache. Nyeri wanazaa wachache, na wanaozaliwa wanasoma kisha wanaondoka. Katika nchi ambayo mwaka 1978 mwanamke alizaa wastani wa watoto wanane, hili ni badiliko kubwa mno lililotokea ndani ya kizazi kimoja na nusu. Kijana akimaliza kidato cha nne, mama humtafutia nauli.

Nauli hiyo inamleta huku.

Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369 mwaka 2009, na 4,397,073 mwaka 2019, ongezeko la asilimia 40. Lakini anayeitazama Nairobi peke yake ataona nusu ya mambo. Kiambu ilitoka 1,623,282 ikafika 2,417,735. Kajiado ilitoka 687,312 ikafika 1,117,840, karibu asilimia 63. Machakos ilitoka 1,098,584 ikafika 1,421,932. Ukijumlisha ongezeko la kaunti hizi nne unapata watu milioni 2.8. Yaani katika kila Wakenya kumi walioongezeka katika muongo ule, watatu waliongezeka Nairobi au kando yake. Sasa karibu Mkenya mmoja katika kila watano anaishi katika kaunti hizi nne, ijapokuwa sehemu kubwa ya Kajiado na Machakos bado ni malisho na mashamba.

Ndani ya kaunti hizo, watu wamejaa mahali mahususi ambapo kila mtu wa Nairobi anapajua kwa steji zake. Mji wa Ruiru, Kiambu, ulikuwa na watu 238,858 mwaka 2009. Mwaka 2019 ulikuwa na 490,120, ukaipita miji iliyokuwa mikubwa tangu enzi za mkoloni. Ongata Rongai ilitoka 40,178 ikafika 172,569. Kitengela ilitoka 58,167 ikafika 154,436. Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 ikiwa na njia nane, aliyekuwa akilipa kodi ya chumba kimoja Zimmerman aligundua kwamba kwa pesa hiyo hiyo anapata vyumba viwili mbele ya Kahawa, na wenye mashamba ya kahawa wakagundua kwamba ploti inalipa kuliko kilo ya mbuni. Upande wa Magadi Road ikawa hivyo hivyo, bila barabara pana ila kwa matatu za Rongai na ujasiri wa madereva wake. Wamasai waliouza ekari wakaona zikikatwa ploti za futi hamsini kwa mia. Nyumba zikasimama kabla ya maji, maji yakatoka kwenye visima vya kuchimbwa, na majitaka yakawa kazi ya malori ya kunyonya yanayozunguka usiku.

Hakuna wizara iliyoamua kwamba watu waende huko. Waliamua wao, mmoja mmoja, kwa kupiga hesabu ya kodi, nauli na karo. Ndiyo maana naiona kuwa habari kubwa zaidi katika sensa zote mbili, na inaniuma kuona inapewa aya moja kwenye magazeti huku Mandera ikipewa kurasa.

Ndani ya jiji lenyewe nako watu wamesogea. Mwaka 2009 divisheni ya Makadara, yaani kule kwenye mitaa ya zamani kama Maringo na Makongeni, ilikuwa na watu 218,641. Kaunti ndogo ya Makadara mwaka 2019 ilihesabiwa 189,536. Embakasi iliyokuwa na watu 925,775 ilikuja kutoa kaunti ndogo mbili, Embakasi na Njiru, ambazo kwa pamoja zilikuwa na 1,615,290. Mistari ya mipaka ilichorwa upya kati ya sensa hizo, kwa hiyo tarakimu hizi zisomwe kwa mwelekeo wake, si kwa mtu mmoja mmoja. Mwelekeo hauna shaka: mitaa iliyojengwa na baraza la mji na shirika la reli haipokei tena, na anayekuja leo anateremkia Pipeline, Kayole, Utawala au Ruai.

Kisha kuna Kibera. Kwa miaka mingi iliandikwa duniani kote kwamba wanaishi humo watu 700,000, wengine wakasema milioni moja, wengine wakasema ndicho kitongoji duni kikubwa kuliko vyote Afrika. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Wapo waliokasirika, na wapo ambao ufadhili wao ulitegemea ile milioni moja. Mwaka 2019 kaunti ndogo nzima ya Kibra, pamoja na sehemu zake zisizo za mabanda, ilikuwa na 185,777. Sioni sababu ya kuona aibu katika idadi hiyo. Watu 170,070 wasio na choo cha heshima ni dhuluma tosha, haihitaji kukuzwa mara sita. Na ile idadi iliyokuzwa ilikuwa na madhara yake: ilivuta macho na mashirika yote upande mmoja wa jiji, ilhali Mathare, yenye karibu watu 69,000 kwa kila kilomita mraba, ilipata mgeni kwa nadra. Hapa Nairobi na kule Mandera ugonjwa ni mmoja, tofauti ni nani aliyeandika sifuri ya ziada.

Sasa tuje kwenye viti, kwa sababu hapo ndipo mtu wa Embakasi anapoumizwa bila kujua.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, inaweka maeneobunge 290. Inasema kila eneobunge liwe na idadi ya watu inayokaribia wastani wa nchi, na inaruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa miji na kwa maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilifanya kazi hiyo Machi 2012 kwa kutumia sensa ya 2009. Wastani wakati huo ulikuwa watu 133,138 kwa kila mbunge. Nairobi, iliyokuwa na viti 8, ikapewa 17, wastani wa watu 184,610 kwa kiti, chini kidogo tu ya ukomo wa miji. Yaani tangu siku ya kwanza Nairobi ilijazwa hadi ukingoni.

Kwa sensa ya 2019 wastani wa nchi ni watu 164,015, na ukomo wa juu kwa mji ni takriban 229,600. Nairobi yenye viti vile vile 17 sasa ina wastani wa 258,651 kwa kiti. Imepita hata ule ukomo mpana uliowekwa kwa ajili ya miji. Ili kuurudia ukomo huo tu, Nairobi inahitaji viti 20. Kwa wastani wa nchi, ingekuwa na karibu 27. Mpaka jirani mambo ni hayo hayo. Kaunti ndogo ya Kajiado Kaskazini, yenye Ngong na Rongai, ilihesabiwa watu 306,596, na eneobunge la jina hilo lina mbunge mmoja. Tetu ya Nyeri ilihesabiwa 80,453, nayo ina mbunge mmoja. Lamu Mashariki ilihesabiwa 22,258, mbunge mmoja.

Nafahamu hoja ya Lamu Mashariki. Visiwa vya Pate, Kiwayu na Ndau haviwezi kuunganishwa na bara kwa kalamu, na Katiba yenyewe inataka jiografia, historia na njia za mawasiliano zizingatiwe. Ningeutetea ubunge ule. Lakini Nyeri ina viti sita kwa watu 759,164, na Tetu haijatenganishwa na jirani zake na bahari. Viti hivyo vya katikati ya nchi vililindwa mwaka 2012 kwa kipengele cha mpito ili maeneo yasipoteze kiti mara moja. Mpito huo ulikusudiwa kuisha.

Makataa ya kupitia mipaka yalikuwa Machi 2024. Yakapita. Tume haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, alipoapishwa mwenyekiti Erastus Ethekon na wenzake, kwa kuwa wanasiasa walibishana juu ya jinsi ya kuwateua. Sitaki kudhani kwamba waliochelewesha walikuwa wakipiga hesabu ya mipaka, ila sioni pia kwamba kuna aliyeharakisha kwa ajili yake. Mbunge anayejua kwamba eneo lake litaunganishwa na la mwenzake ana kila sababu ya kuombea tume isiyo na watu. Ikiwa mipaka haitaguswa kabla ya Agosti 2027, basi mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa 2009, akahesabiwa akiwa mgongoni mwa mamake, atapiga kura yake ya kwanza katika eneobunge lililochorwa kwa sensa ile ile iliyomkuta hajaota meno.

Wapo wanaouliza kiti cha ubunge kinamletea nini mkaazi wa Pipeline. Kinamletea karo. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge imekuwa ikigawa fedha karibu sawa kwa kila eneobunge, bila kujali lina watu elfu ishirini au laki tatu. Mzazi wa Rongai anayepanga foleni ya fomu za basari anashindana na wazazi wengi karibu mara nne kuliko mzazi wa Tetu kwa kapu la ukubwa ule ule. Madarasa yanayojengwa na hazina hiyo, vituo vya polisi vinavyokarabatiwa, vyote vinagawanywa hivyo. Ndiyo sababu shule ya msingi ya serikali upande wa Embakasi inaweza kuwa na darasa lenye watoto mia, na katikati yake kukatokea shule za binafsi za mabati zinazotoza kila juma.

Fedha za kaunti zina njia yake nyingine. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa majuma mengi ikibishania mfumo wa tatu wa ugavi wa mapato. Upande mmoja ulisema mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Upande mwingine ulisema nchi iliyowatelekeza watu kwa nusu karne haiwezi leo kuanza kuwapimia sawa. Hatimaye walikubaliana pale ilipoahidiwa nyongeza ya fedha, na katika mwaka wa 2021/22 Nairobi ilitengewa takriban bilioni 19.2, Kiambu bilioni 11.7, Mandera bilioni 11.2. Gawanya kwa watu wa sensa ya 2019: Nairobi ilipata karibu shilingi 4,400 kwa kila mtu, Kiambu 4,800, Mandera 12,900.

Mimi sipingi Mandera kupata zaidi. Kujenga zahanati mahali ambapo kijiji kimoja kiko safari ya nusu siku kutoka kingine ni ghali, na deni la 1965 halijalipwa. Ninachopinga ni kulipa deni hilo kwa kujificha nyuma ya idadi ya watu. Katiba ilikwisha kuweka mlango wa wazi: Hazina ya Usawazishaji ya Kifungu cha 204, asilimia 0.5 ya mapato ya kitaifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahaulika. Hazina hiyo ikaburutwa miaka mingi kabla ya fedha zake kufika mashinani. Kama ingelipwa kwa wakati na kwa ukamilifu, na kama ukubwa wa eneo na umaskini vingepewa uzito wake bila kupatana gizani, kiongozi wa kaskazini hangekuwa na haja ya kupigania kila kichwa, na idadi ya watu ingebaki kufanya kazi yake: kutuonyesha watoto wako wapi na wagonjwa wako wapi.

Kwa maana haki ya Mandera ina misingi mingi. Ina umbali, ina ukame, ina historia. Haki ya Pipeline haina msingi mwingine ila idadi. Hawana ardhi kubwa ya kupimwa. Kwa vipimo vya umaskini, wanaonekana wana afadhali kwa sababu wanalala chini ya taa ya umeme. Ukiwaondolea usahihi wa hesabu, hawabakiwi na hoja yoyote.

Na hapa kuna jambo tunalojifanyia wenyewe, sisi tuliohamia jijini. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Kabla ya Agosti 2019 walikuwapo wanasiasa waliowahimiza watu wao wa Nairobi warudi nyumbani kuhesabiwa, ili kaunti isipoteze mgao na kiti. Wapo waliokwenda. Shule zilikuwa zimefungwa na watoto wengi wako kwa bibi, kwa hiyo hata bila kuhimizwa, sehemu ya Nairobi ilikuwa imelala Kakamega, Kisii na Kitui usiku ule. Waliohimiza walikuwa na methali tayari: mkataa kwao mtumwa. Naiheshimu methali hiyo. Mtu asiyemjengea mamake, asiyezika, asiyerudi Desemba, amepungukiwa. Lakini karani wa sensa haulizi utazikwa wapi. Anauliza ulilala wapi, ili serikali ijue maji yapelekwe wapi asubuhi. Mtu anayefanya kazi Industrial Area, anayesomesha watoto Tassia, anayetibiwa Mama Lucy, akienda kuhesabiwa Nyamira kwa usiku mmoja, anaiachia Nyamira karatasi yenye jina lake na anarudi Jumatatu kwenye foleni ile ile ya hospitali ambayo sasa imeandikwa kuwa na mtu mmoja pungufu. Hata Nyamira haikufaidika sana, kama tulivyoona: watu 7,324 kwa miaka kumi, pamoja na hao waliopanda basi.

Linalohitajiwa halingoji 2029. Fomu ya sensa huuliza pia mtu alizaliwa wapi na aliishi wapi kabla ya hapo. Majibu hayo yakitolewa hadi kiwango cha wadi, kila mwakilishi wa Kajiado Kaskazini, Ruiru na Embakasi angeweza kuingia kikao cha bajeti akiwa na orodha ya waliofika, walikotoka na umri wa watoto wao. Sajili za vizazi na za shule hujazwa kila mwaka na zinaonyesha uhamaji huu kwa haraka kuliko sensa. Gavana wa Kiambu na wa Kajiado wanaweza kukaa na wa Nairobi na kukubaliana juu ya majitaka ya Rongai na hospitali zinazopokea wagonjwa kutoka kaunti tatu, kwa kuwa wanaolala Ruiru wanakanyaga barabara za Nairobi mchana na wanalipia kuegesha magari yao mjini, huku mgao wao wa kaunti ukienda wanakolala. Na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka inayo tayari hesabu za 2019 za Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos, ambazo hakuna mahakama iliyozitengua. Mgogoro wa kaunti tatu za kaskazini ni wa kutatuliwa kwa uangalifu, kwa kuhesabu upya mbele ya mashahidi wa pande zote. Wakati hilo likifanyika, ramani za jiji zinaweza kuanza kuchorwa, na vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi vikafanyika Rongai na Utawala jioni au Jumapili, saa ambazo watu wa huko wamerudi makwao.